Ada Imefutwa, Lakini Njia ya Shule Bado Ndefu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini na majirani katika maadhimisho ya hekalu letu)



Tumeombwa na kamati tuseme machache juu ya elimu. Sisi si wasomi. Tulisoma hadi sekondari, kisha tukaingia dukani, na duka ndilo lililotulea hadi mvi hizi. Kwa hiyo tutasema kwa lugha tuijuayo, lugha ya hesabu.

Kila Diwali sisi wafanyabiashara hufunga vitabu vya mwaka uliopita na kufungua vipya mbele ya Lakshmi na Saraswati. Juu ya ukurasa wa kwanza huandika maneno mawili, Shubh na Labh, yaani heri na faida. Wazee wetu walitufundisha kwamba heri ndiyo hutangulia kuandikwa. Leo tunaomba ruhusa yenu tufungue kitabu cha deni moja ambalo kwa muda mrefu hatukuliandika mahali popote.

Familia zetu kadhaa zilianzia maisha katika vilima vya Mbulu. Baba zetu waliuza chumvi, sukari, vitambaa na mafuta ya taa. Wateja wao walikuwa Wairaqw waliolima vilimani, Wadatoga waliochunga ng'ombe, na mara chache Wahadzabe waliopanda kutoka bonde la Yaeda wakileta asali. Utotoni tuliwaona wakisimama mlangoni, wakipima na kupimiwa, kisha wakashuka tena bondeni. Hatukuwahi kuuliza watoto wao walisoma wapi.

Sisi je, tulisoma wapi? Zamani za ukoloni serikali iliendesha mifumo mitatu ya elimu: shule za Wazungu, shule za Waasia na shule za Waafrika. Mtoto wa Mzungu alitumiwa fedha nyingi kupita wote, mtoto wa Mwafrika alipata kidogo kupita wote, na sisi tulikaa katikati. Jumuiya zetu zilijichangia na kujenga, na kwa hilo tuna haki ya kuwashukuru wazee wetu. Lakini ni haki pia kukiri kwamba mtoto wa mteja wetu hakuweza kuingia katika darasa la kaka zetu hata kama baba yake angekuwa na ada mkononi. Utaratibu huo ulikoma mwezi Januari 1962, mifumo mitatu ilipounganishwa kuwa mmoja.

Wengi wetu tulio katika miaka ya sitini leo tulianza shule baada ya hapo. Tulikaa dawati moja na kila mtu. Ada ya sekondari ilikwisha kufutwa mwaka 1964, na ya shule ya msingi ikafutwa mwaka 1973. Tulisoma bure. Tunaposema "bure", mfanyabiashara yeyote ataguna, kwa maana hakuna kitu cha bure, yuko aliyelipa. Aliyelipa ni mkulima wa kahawa, wa pamba na wa katani, ambaye mazao yake ndiyo yaliyoipatia nchi fedha, na ambaye mara nyingi mtoto wake hakufika kidato cha kwanza. Huo ndio mstari wa kwanza wa deni letu.

Tunajua wamo ndani ya ukumbi huu wenye kumbukumbu chungu. Mwaka 1971 sheria ya kutwaa majengo ilichukua nyumba ambazo wazazi wetu walizijenga kwa jasho, na wengi wa ndugu zetu wakaondoka nchini. Kumbukumbu hiyo ni ya kweli na hatuwaombi muisahau. Tunasema tu kwamba hesabu yenye upande mmoja si hesabu. Anayeandika alichonyang'anywa na aandike pia alichopewa.

Sasa tuje katika wakati wetu. Katikati ya miaka ya 1980 wazazi walirudishiwa mzigo wa kuchangia. Ada ya shule ya msingi ikaondolewa tena, na mwaka 2002 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM. Tangu Januari 2016 ada ikafutwa hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 hadi kidato cha sita. Hili ni jambo kubwa, na aliyelifanya astahili shukrani. Watoto walimiminika shuleni kwa wingi hata madarasa yakafurika.

Lakini tutazame fedha yenyewe. Ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi iliwekwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 ndizo huteremshwa shuleni. Gawanya kwa miezi kumi na miwili: ni shilingi 500 kwa mwezi kwa mtoto mmoja. Shule yenye watoto 300 hupata shilingi 150,000 kwa mwezi, na hizo ndizo za chaki, karatasi za mitihani, matengenezo na michezo. Kiwango hicho cha 10,000 kilianza wakati wa MMEM, dola moja ilipokuwa karibu shilingi elfu moja. Hata elimu bila ada ilipotangazwa, kiwango kilibaki kilekile, ilhali dola ilikwisha kupita shilingi elfu mbili. Ni nani kati yetu angeweza kuendesha duka kwa mtaji wa miaka ile na bei za leo?

Tena kufutwa kwa ada hakukufuta gharama. Sare, madaftari, kalamu, nauli na chakula cha mchana cha mtoto wa kutwa vimebaki juu ya mzazi. Kwa mtoto anayeishi mita mia tano kutoka shuleni, mzigo huo hubebeka. Kwa mtoto wa Yaeda Chini ni jambo jingine kabisa.

Wengi wenu hamjafika huko. Ukitoka Mbulu mjini unateremka hadi bondeni, penye joto, miiba na mibuyu. Mvua ikinyesha bonde hujaa maji na njia hukatika. Wahadzabe ni watu wachache, idadi yao yakadiriwa kuwa elfu moja na kitu. Huishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuchuma ubuyu na kurina asali, na kambi huhama kwa kufuata chakula na maji. Wadatoga nao huhamisha mifugo. Shule haihami. Mzazi akihama, mtoto ama aachwe bwenini, ama aache shule. Katikati ya miaka ya 1960 serikali ilijaribu kuwakusanya Wahadzabe wakae mahali pamoja hapo Yaeda Chini, wakajengewa na shule. Wengi waliugua, na haukupita muda mrefu wengi wakarudi porini. Nia ilikuwa njema, lakini waliokusudiwa kusaidiwa hawakushirikishwa katika kupanga.

Wenzetu, tusiwacheke waliopanga hayo, maana sisi nasi tulifanya vivyo hivyo kwa kiasi chetu kidogo. Miaka kadhaa iliyopita wafanyabiashara wachache tulichangishana, tukapakia lori madawati, sare na madaftari, tukashuka bondeni. Tulipigwa picha. Watoto waliimba, nasi tulirudi mjini tumefurahi. Tuliporudi mwaka uliofuata, madawati yalikuwapo, mazima kabisa, lakini nusu yake hayakuwa na watu. Mzee mmoja alitueleza kwa upole kwamba ulikuwa msimu wa njaa. Mtoto akikaa darasani bila kula, na ajua kwamba kambini kwa mama yake kuna asali na mizizi, miguu yake itafuata njia ya kambini. Akatuuliza kama sisi tungekaa. Hatukuwa na jibu.

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi. Tulimchukua kijana mmoja mwenye akili sana, tukamlipia ada katika shule ya bweni ya binafsi mjini. Tulilipa mihula yote mapema, tukajihesabia thawabu. Likizo ya kwanza ilipofika, wenzake walifuatwa na wazazi. Yeye alibaki bwenini karibu peke yake likizo nzima, kwa kuwa katika hesabu yetu yote hakuna aliyekumbuka nauli ya kumrudisha kwao. Hakulalamika. Likizo iliyofuata tulikumbuka nauli, akaenda kwao, na hakurudi tena. Watu walisema watoto wa porini hawapendi shule. Sisi tunajua ni nani aliyeshindwa mtihani ule.

Tukumbuke pia mlima wa lugha. Mtoto wa Kihadzabe huingia darasa la kwanza na lugha yake yenye sauti za kugonga ulimi, ambayo huenda mwalimu wake haifahamu. Hujifunza Kiswahili, na akishakiweza na kufaulu, sekondari humpokea kwa Kiingereza. Kama sekondari iko mbali na haina bweni, atapanga chumba, kile vijana wanachokiita geto, ajipikie na ajilinde mwenyewe akiwa na umri wa miaka kumi na minne. Kwa msichana hatari yake hatuna haja ya kuieleza mbele ya wazazi.

Wala tusiwaone watu hawa kama mafukara wa kuhurumiwa. Mwaka 2011 Wahadzabe walipata hati ya kimila ya kumiliki ardhi yao kwa pamoja. Wao na majirani zao hulinda misitu ya bonde hilo, na kwa ulinzi huo huuza hewa ya ukaa kwa wanunuzi wa mbali. Sehemu ya mapato huingia vijijini, na wanakijiji wenyewe hukaa na kuamua matumizi, yakiwamo ya matibabu na masomo ya watoto. Yaani wao wamekwisha kuweka fungu lao mezani. Swali ni fungu letu.

Hapa ndipo tunapofika kwenye jambo lililotuleta. Waumini mnajua kwamba kamati imekusanya fedha za kuweka marumaru mpya na kupamba kilele cha hekalu. Tunapenda hekalu letu ling'ae. Lakini tunaomba nusu ya fedha hizo iwe mfuko wa chakula na nauli kwa watoto wa Yaeda Chini wasomao katika shule za serikali.

Tunajua yatakayosemwa. La kwanza: hiyo ni kazi ya serikali, nasi tunalipa kodi. Ni kweli, na tuendelee kuidai serikali ipandishe ruzuku hiyo. Lakini tumbo la mtoto halisubiri bajeti ya Juni. La pili: hata miongoni mwetu wamo wanaohangaika na ada. Ni kweli pia, na mfuko wa jumuiya uliopo usiguswe hata senti moja. Tena tuwatazame watoto wa mlinzi wa lango hili na wa mama anayetupikia siku za sherehe. Tusipeleke sadaka mbali tukiwaruka walio mlangoni. La tatu: mara mbili tumejaribu tukashindwa. Ndiyo, na tulishindwa kwa sababu tulitoa tulichotaka kutoa sisi.

Kwa hiyo tunapendekeza masharti kwa upande wetu. Kwanza, kabla ya shilingi moja kutoka, watu watatu washuke bondeni wakae na wazazi, serikali ya kijiji na walimu, wasikilize zaidi ya kusema. Pili, chakula na nauli vitangulie. Rangi ya ukuta ije baadaye. Tatu, tusaidie shule ya umma, kwa kuwa ada ya mtoto mmoja katika shule ya binafsi ya Kiingereza yaweza kuwalisha watoto wengi. Nne, tusiandike jina la hekalu ukutani, wala mtoto asiombwe kuimba sala yetu ili ale uji wetu. Tano, hesabu isomwe hadharani hapa kila Diwali, siku ya kufungua vitabu vipya, na majirani mkaribishwe kuikagua.

Dini yetu huheshimu sana annadaan, sadaka ya chakula, na vidyadaan, sadaka ya elimu. Wazee waliokuja na majahazi kutoka Gujarat walimpenda Jalaram Bapa wa Virpur, aliyewalisha wapita njia bila kuwauliza kabila wala imani. Picha yake imo katika maduka yetu mengi, juu ya sanduku la fedha. Tukimtundika juu ya fedha, basi na tumwachie naye neno moja juu ya matumizi yake.

Kijana wetu yule aliyekaa bwenini peke yake sasa ni mtu mzima. Tulikutana naye mnadani mwaka jana. Alitusalimu kwa heshima, akatuambia ana mtoto wa kike aliyeanza darasa la kwanza Yaeda Chini. Hakutuomba kitu. Tulitaka kumwomba msamaha, na tukashindwa hata kuanza.

Wamesema wahenga kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kamati itapiga kura Jumapili ijayo baada ya aarti. Sisi tumesema yetu.