Maadili si urefu wa sketi

Kila kampeni tunaambiwa fulani hana maadili. Uliza kwa nini, utasikia habari za nguo zake na ndoa yake. Hebu turudi kwa neno lenyewe. Limetoka Kiarabu, mzizi mmoja na adili na uadilifu: kutopendelea. Kwa mzizi huohuo Waarabu huita upande mmoja wa mzigo wa ngamia, ulio sawa na wa pili. Ukielemea, mnyama anayumba.

Sasa mkija kumhoji aliye ofisini, anzeni na basari: nani alipata, nani aliachwa? Na zawadi alizopewa kwenye hafla rasmi? Katiba ya 2010, Kifungu cha 76, inasema ni mali ya Jamhuri. Ziko wapi?