Hofu ya Miale na Hatari Tusizoziogopa

Msikilizaji, oveni ya maikrowevu imeingia Suna. Zamani ilikuwa kitu cha hotelini. Siku hizi utaikuta katika vyumba vya kupanga mjini Migori, imewekwa juu ya friji na kufunikwa kitambaa cha kufuma. Pamoja nayo imeingia hofu. Watoto wanaonywa wasisimame mbele yake kwa kuwa miale yake huleta saratani, na dani, yaani bibi, anakataa chakula kilichopita mle kwa kuwa, anasema, kimebaki na sumu. Hofu hiyo naiheshimu, maana ni ya mtu anayewapenda watu wake. Lakini nadhani tunaogopa kisichotudhuru, na kinachotudhuru tunakiachia nafasi.

Mawimbi yanayopasha chakula ni ya jamii moja na haya ya redio yanayokuletea sauti yangu sasa hivi. Ni mafupi zaidi, sentimita 12 hivi, nayo yamefungiwa ndani ya sanduku la chuma yakiwa na nguvu nyingi. Yanatikisa molekuli za maji zilizomo kwenye chakula, na mtikisiko huo ndio joto. Oveni ikizima, mawimbi yamekwisha. Hakuna kinachobaki ndani ya chakula. Percy Spencer, mhandisi wa kampuni ya Raytheon ya Marekani, aligundua mwaka 1945 kwamba mawimbi haya hupasha chakula alipokuwa akishughulika na mitambo ya rada, kwa hiyo watu wamekuwa na muda mrefu wa kukichunguza chombo hiki.

Kinachoyazuia mawimbi yasitoke ni mlango. Wavu ule ulio kwenye kioo chake una matundu madogo mno kwa mawimbi hayo kupenya. Mlango ukipinda, bawaba zikilegea, au kingo zikijaa mafuta yaliyoganda hata usifunge sawasawa, hapo hofu ina haki yake: usiiwashe tena.

Sasa tuje kwenye chakula chenyewe. Mawimbi haya huingia sentimita mbili tatu tu, na hayasambai sawasawa. Samaki ngege mzima uliyemleta jana kutoka ziwani, Karungu au Muhuru Bay atatoa mvuke mkiani huku tumbo lingali baridi, na vijidudu vitabaki hai palepale penye baridi. Mkate vipande, mpange kwenye sahani, mfunike, mgeuze katikati ya kazi, kisha mwache dakika mbili joto litambae lenyewe. Nyoyo, yaani mahindi na maharagwe, ikorogwe. Wataalamu wa usalama wa chakula wanataka kiporo kifikie nyuzi 74 za Selsiasi hadi katikati. Na chakula kilicholala mezani usiku kucha kwa sababu stima ilipotea, hasa wali, hakiokolewi na oveni yoyote: baadhi ya sumu za bakteria hazifi kwa moto. Kimwage, hata kama roho inauma.

Nawasihi zaidi akina mama wenye watoto wachanga. Chupa huguswa kwa nje ikaonekana vuguvugu, kumbe ndani kuna sehemu ya maziwa inayochoma. Mtoto hana la kusema ila kulia, na koo limeshaungua. Maziwa ya mtoto yapashwe kwa kuiweka chupa kwenye bakuli la maji ya moto, kama tulivyofanyiwa sisi, kisha uyadondoshee kwenye kifundo cha mkono wako kwanza.

Maji matupu nayo ni hatari ambayo wengi hawaijui. Yakiwa kwenye kikombe laini, yanaweza kupita kiwango cha kuchemka bila kutoa hata povu moja. Ukitia kijiko cha majani ya chai, yanafoka yote usoni. Weka kijiti safi cha mbao ndani ya kikombe kabla ya kuwasha. Yai lenye ganda usilitie kabisa; hupasuka. Sufuria na karatasi ya foili hutoa cheche. Makopo ya plastiki ya mafuta ya kupikia, yale tunayohifadhia kila kitu, hayakutengenezwa kwa joto hilo. Tumia bakuli la udongo au la kioo.

Kisha kuna stima. Kituo cha umeme cha Gogo, kwenye mto wetu wa Kuja, kina uwezo wa megawati 2. Oveni ya kawaida huvuta wati 1,200 hivi, maana yake oveni 1,600 na ushee zikiwashwa pamoja zingemeza umeme wote wa Gogo. Mzigo huo wa oveni moja ndio mnaouchomeka kwenye ekstensheni nyembamba, kando ya birika la umeme na pasi! Ipe oveni soketi yake ukutani. Kitambaa kile cha kufuma, hata kiwe kizuri vipi, kitoe, kwa sababu kinaziba matundu ya kupumulia. Ngurumo za ziwani zikianza, chomoa plagi, usibonyeze swichi tu. Na ile uliyoletewa na ndugu kutoka Marekani huenda ni ya volti 120. Hapa soketi zina 240.

Ikiharibika, vijana wangu mafundi, nisikilizeni. Ndani mna kapasita inayoweza kushikilia umeme wa volti zaidi ya 2,000 hata baada ya plagi kuchomolewa. Umeme huo unaua. Asiyefundishwa jinsi ya kuutoa asifungue kifuniko, na mwenye nyumba asimshawishi kwa kuwa bei yake ni nafuu.

Wewe unayekwenda kununua ya mtumba, muulize muuzaji imetoka nchi gani, fungua na ufunge mlango mbele yake, kisha mwambie apashe kikombe cha maji hapohapo dukani, chenye kijiti. Akikataa, ondoka na pesa zako.