Umeme Ukikatika Katikati ya Sasisho: Kuripoti na Kurekebisha Hitilafu za Pakeji za Linux Tukiwa Katavi

Mada kwa semina ya mafundi kompyuta, maofisa TEHAMA na walimu, Mpanda



Mkoa wetu ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na kwa miaka mingi umeme wa Mpanda ulitoka kwenye jenereta za TANESCO, nje ya gridi ya Taifa. Aliyewahi kutunza kompyuta hapa anajua maana yake. Umeme hukatika bila kubisha hodi, na mara nyingine hukatika wakati mashine ya Ubuntu au Debian iko katikati ya kusakinisha masasisho. Ukiiwasha tena, apt inagoma na kukuagiza uendeshe dpkg --configure -a. Tunaiendesha, mashine inapona, tunageukia kazi nyingine. Ninachokuja kusema leo ni kwamba hapo tunaishia mapema mno. Hitilafu zinazofichuliwa na umeme wetu, intaneti yetu na mashine zetu kuukuu hazionekani kirahisi na watengenezaji wanaofanya kazi mahali ambapo taa hazizimiki. Tusipoziripoti sisi, zitaendelea kukaa humo humo ndani ya pakeji, na kila sasisho litatuletea tena.

Nina ushahidi wa hili. Januari 2009 mtumiaji mmoja wa toleo la majaribio la Ubuntu aliandika kwenye daftari la hitilafu la Launchpad kwamba mashine yake iliganda, na alipoiwasha upya akakuta mafaili mengi yamebaki majina tu, ndani hamna hata herufi moja. Ripoti yake ilipewa namba 317781. Chanzo kilikuwa mfumo mpya wa mafaili, ext4, ambao ulichelewesha kuandika data kwenye diski ili kuongeza kasi. Mfumo uliotangulia, ext3, kwa kawaida uliandika kila baada ya sekunde 5. Ext4 uliweza kusubiri nusu dakika na zaidi. Umeme ukikatika ndani ya muda huo, jina la faili lipo na yaliyomo hayapo.

Theodore Ts'o, mmoja wa watengenezaji wakuu wa ext4, alijibu kwa kirefu kwamba kosa ni la programu, kwa kuwa haziombi data iandikwe kwanza kabla ya kuweka faili jipya mahali pa lile la zamani. Wapo waliokataa katakata: mtumiaji wa kawaida hawezi kubeba mzigo wa programu zote duniani kuandikwa upya. Mabishano yalikuwa makali, lakini yalizaa matunda pande zote. Keneli 2.6.30, iliyotoka Juni 2009, iliwekewa utaratibu wa kusukuma data kwenye diski pale faili la zamani linapobadilishwa na jipya. Mwaka 2010 dpkg nayo ikaanza kuhakikisha yaliyomo kwenye kila faili la pakeji yamefika kwenye diski kabla faili halijapewa jina lake la kudumu. Usakinishaji ukawa wa polepole, watu wakalalamika, ndipo likaongezwa chaguo la --force-unsafe-io kwa anayetaka kasi. Nawasihi, chaguo hilo lisiwekwe kwenye seva yoyote ya mkoa huu, iwe Inyonga, Usevya au hapa mjini. Ule mwendo wa polepole ndio unaotulinda.

Tazameni mlolongo huo ulianzia wapi. Mtu mmoja alikataa kuamini kwamba mafaili matupu ni bahati mbaya tu, akakaa chini akaandika.

Ripoti inayofanyiwa kazi

Dereva wa bodaboda akimwambia fundi "pikipiki inasumbua", fundi hana pa kuanzia. Akisema inazima kwenye mlima ikiwa imepata moto, fundi tayari ameshika spana inayofaa. Mtunzaji wa pakeji, ambaye kwa Debian mara nyingi ni mtu anayejitolea, hayuko Mpanda na hawezi kuigusa mashine yako. Anahitaji jina la pakeji na namba kamili ya toleo, hatua ulizofuata moja baada ya nyingine, ulichotarajia, na kilichotokea. Maneno ya kosa yanakiliwa jinsi yalivyo, hayasimuliwi.

Kwa mashine iliyozimika katikati ya sasisho, ushahidi uko kwenye /var/log/dpkg.log na /var/log/apt/term.log. Nakili mafaili hayo kwenye flashi kabla ya kurekebisha chochote. Baada ya hapo ndipo uendeshe ile amri ya kuponya. Hapa ndipo tunapopoteza mengi: tunatibu kwanza, kisha tunakuta dalili zimefunikwa.

Kabla ya kuilaumu pakeji, ipime diski kwa smartctl na kumbukumbu ya mashine kwa memtest. Umeme unaopanda na kushuka huua vifaa, na si haki kumtuma mtu wa mbali kutafuta kwenye msimbo kosa lililo kwenye diski yako.

Daftari la hitilafu la Debian lipo tangu 1994 na linaendeshwa kwa barua pepe. Kwetu hii ni neema kubwa. Programu ya reportbug inakuwezesha kuandaa ripoti bila intaneti, ukaihifadhi, ukaituma utakapopata bando. Ubuntu hutumia amri ya ubuntu-bug, inayofungua kivinjari na kukutaka uwe na akaunti ya Launchpad, kwa hiyo amri hiyo isubiri siku ya mtandao mzuri. Andika Kiingereza cha sentensi fupi. Hakuna anayesahihisha sarufi kule. Na jambo hili nalisisitiza kwa wenzetu wa vituo vya afya: ripoti hizi husomwa na dunia nzima. Ondoa majina ya wagonjwa, nywila na anwani za seva kabla ya kutuma. Hitilafu ya kiusalama iende kwa siri kwa timu ya usalama ya distro husika.

Mtu asidharau dalili ndogo. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aliona kwamba kuingia kwa ssh kwenye mashine yake ya Debian ya majaribio kumechelewa takriban nusu sekunde. Alifuatilia mpaka akakuta mlango wa siri uliopandikizwa kwenye pakeji ya xz, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, akautangaza tarehe 29 kabla haujaingia kwenye matoleo imara ya Debian na Ubuntu.

Kurekebisha

Watanzania si wageni katika kazi hii. Desemba 2004 mradi wa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Nasi tunaweza kuanzia kwenye lugha yetu. Pakeji ya hunspell-sw ndiyo inayokagua tahajia ya Kiswahili ndani ya LibreOffice. Kitenzi chetu hubeba viambishi mbele na nyuma, na orodha ya maneno haiwezi kuyabeba maumbo yote, hivyo maneno sahihi hupigiwa mstari mwekundu. Hiyo nayo ni hitilafu, na faili lake ni maandishi matupu. Mwalimu wa Kiswahili akikaa na fundi mmoja wanaweza kutengeneza kiraka cha maana.

Ila kiraka hicho kipelekwe kwa LibreOffice wenyewe, ambako kamusi hizo hutoka, kisibaki kwenye distro moja. Sababu ipo. Mwaka 2006 kiraka kiliwekwa kwenye OpenSSL ndani ya Debian peke yake, kwa nia njema ya kuondoa onyo la chombo cha ukaguzi. Kiliua karibu bahati nasibu yote ya kutengenezea funguo, zikabaki zisizozidi 32,768 kwa kila aina na ukubwa. Ilichukua hadi Mei 2008 kwa Luciano Bello kuligundua kosa hilo.

Kazi nyingine haihitaji kuandika msimbo hata kidogo. Rekebisho la toleo imara la Ubuntu hukaa kwanza kwenye hazina ya proposed, kwa kawaida siku 7 au zaidi, likisubiri mtu alijaribu na kuthibitisha. Naomba kila ofisi iliyowakilishwa hapa itenge mashine moja kuukuu, isiyo na data za wananchi, kwa ajili ya majaribio hayo. Mchana huu tutaanza na mashine mlizokuja nazo ambazo apt imegoma: tutafungua term.log pamoja, tutaandika ripoti, na zile zitakazokamilika zitatumwa jioni hii hii.