Ploti Rahisi Kisumu: Unanunua Nini Hasa?

Uzi wa wiki hii. Kama kawaida yetu, tunachambua yale maneno mnayosikia kwa mikutano na redioni wakati wa siasa, bila kutaja mwanasiasa wala chama. Leo ni "nyumba nafuu". Badala ya kuanza upya, naweka hapa maneno niliyoongea Jumapili na akina mama wa chama kimoja cha wachuuzi wa Kibuye. Wana akiba, wameonyeshwa ploti, na walitaka kusikia maoni ya mtu ambaye kila siku anaandika mikataba ya ardhi kwa afisi ya wakili. Nimetoa salamu tu na pale mvua ilipogonga mabati hatukusikizana.

*

Akina mama, asanteni kwa kunialika. Mwenyekiti amenipa dakika ishirini halafu mrudi kwa biashara, kwa hivyo siendi mbali.

Nimesikia mmegawanyika mara tatu. Wa kwanza wanataka ile ploti ya Nyamasaria, upande wa chini, kwa sababu bei imeshuka mpaka mtu anashangaa. Wa pili wanasema tupande Riat, hata kama ni ghali. Wa tatu wanasema tusinunue kitu, tungoje nyumba za serikali, si mabwana zetu wanakatwa ushuru kila mwezi?

Niseme langu moja, halafu tuzunguke mitaa. Hapa Kisumu bei ya ploti haishuki bure. Ikishuka, kuna kitu ambacho mtu alipaswa kukileta hapo na hakukileta: bomba, mtaro, barabara, ama karatasi. Ukinunua, wewe ndiwe utakileta, na pesa itatoka kwa mfuko wako. Kwa hivyo mtu akisimama kwa jukwaa akisema ardhi ya upande fulani "bado ni rahisi", si sifa hiyo. Anawaambia kazi ambayo haijafanywa.

Sasa tuanze na karatasi, kwa sababu hapo ndipo mimi mwenyewe nililia.

Reli ilifika hapa 1901 na mji ukakaa karibu na ziwa na kituo. Ardhi ile ya katikati, Milimani na pale mjini, ni ya kukodishwa na serikali kwa miaka fulani. Lakini Manyatta, Nyalenda, Kajulu, Kogony, hizo zilikuwa vijiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mpaka wa mji ulisukumwa nje ukavimeza. Watu hawakuhama, mji ndio uliwafuata. Ndiyo maana mtu akija kwa mdahalo akisema Nyalenda ni kama Kibera, najua hajafanya kazi yake vizuri. Kibera watu wamekaa juu ya ardhi ya serikali. Nyalenda, yule mzee wa nyumba za udongo unayemlipa kodi mara nyingi ndiye mwenye ardhi, na hati iko kwa sanduku chini ya kitanda.

Swali ni hati iko kwa jina la nani.

Mwaka 2013 nilikuwa na akiba yangu ya kwanza. Broka akanipeleka Manyatta B, ploti nzuri, karibu na barabara, maji yapo. Muuzaji ni kijana mpole, akanionyesha hati miliki. Nikaona jina la ukoo linafanana na lake, nikatulia. Kulikuwa na barua ya chifu pia, na muhuri. Nikalipa nusu. Wiki iliyofuata nikaenda na fundi kupima. Nyanya mmoja akatoka kwa nyumba ya nyuma na mkongojo, akaniuliza kwa upole kabisa, "Nyathina, unapima nini kwa bwana yangu?" Bwana yake alikuwa amekufa miaka mingi. Hati ilikuwa ya bwana. Kijana alikuwa mjukuu, na wajukuu walikuwa wengi. Pesa yangu sikuiona tena. Na nitawaambia ukweli, hata leo siwezi kumlaumu yule nyanya.

Kosa lilikuwa langu, na baada ya hapo ndio nilianza kusoma hii mambo. Sheria ya urithi inasema ardhi ya marehemu haiuzwi mpaka mahakama ithibitishe mirathi. Barua ya chifu inasaidia kufungua faili ya mirathi. Haimpi mtu ruhusa ya kuuza. Kwa hivyo mkionyeshwa hati, soma jina, halafu uliza huyu mtu yuko hai? Kama hayuko, uliza cheti cha mirathi kilichothibitishwa, na majina yaliyo ndani. Kama yuko hai na ana mke na hapo ndipo wanaishi, mke aweke sahihi pia. Tangu sheria ya mali ya ndoa ya 2013, nyumba ya familia haiuzwi na mmoja peke yake. Wake wawili? Sahihi mbili.

Halafu nendeni afisi ya ardhi mfanye ile wanaita sachi. Ninyi wenyewe mwende, msitumie broka. Sachi inaonyesha mwenye hati ni nani, na kama kuna benki ama kesi imeikalia. Lakini haionyeshi nyanya. Nyanya mnampata kwa kwenda pale, kukaa, kunywa chai na majirani.

Mkienda mbali zaidi, Kisian, Rabuor, kuelekea Ahero, hapo ardhi nyingi bado ni shamba. Shamba linahitaji idhini ya bodi ya ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba. Bila idhini mkataba umekufa, hata kama mlilipa mbele ya mashahidi kumi. Na kitu kidogo kando: wakiwaambia 50 kwa 100 ni moja ya nane ya ekari, si kweli kabisa. 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000. Moja ya nane ni 5,445. Mnauziwa jina kubwa kuliko ploti.

(Mama wa omena pale mbele akauliza kama tunaweza kufika Nyamasaria sasa. Wakacheka.)

Haya, Nyamasaria. Pale chini ni uwanda wa Kano. Maji yanashuka kutoka milima ya Nandi na kila mto unataka kufika ziwani. Udongo ni ule mweusi. Mnaujua, ukinyesha unavimba, ukikauka unapasuka hadi mkono unaingia. Nyumba ikikaa juu yake bila kuutoa, ukuta utapasuka tu.

Tupige hesabu. Hizi ni namba zangu za mfano, si bei ya soko. Tuseme ploti ya chini ni 600,000 na ya Riat ni 1,200,000. Ushuru wa stempu ndani ya mji ni asilimia 4, kwa hivyo 24,000 kwa 48,000. Mpaka hapo chini inashinda. Sasa jenga nyumba ya futi 30 kwa 40, na fundi aseme udongo mweusi una futi nne kabla ya kugonga pagumu. Hiyo ni futi za ujazo 4,800, kama mita za ujazo 136. Lori la mita 10 litaenda safari 14 kutoa udongo, na safari 14 zingine kuleta mawe na marramu, na ukishindilia inashuka unaongeza. Bado hamjaweka tofali hata moja. Halafu choo: shimo likichimbwa pale msimu wa mvua, maji yanapanda yenyewe. Bomba la majitaka halijafika ploti hiyo, nimeuliza majirani. Ile laki sita mliyookoa, muone imeenda wapi.

Sisemi watu wasiishi Nyamasaria. Wanaishi, na juu karibu na barabara kuna sehemu nzuri. Nasema upande wa chini ununuliwe na mtu mwenye pesa ya msingi mkononi, si mwenye pesa ya ploti peke yake.

Na ziwa je? Kuna mmoja aliniambia kando kwamba ameonyeshwa kitu Dunga, na Nyalenda B kule chini. Mama, wewe ulikuwa hapa 2020. Mwezi wa Mei ziwa lilipita hata kiwango cha 1964. Maji yaliingia kwa nyumba na kwa vibanda vya samaki, na 2024 yakarudi. Wazee hawakushangaa, wanakumbuka ile mvua ya wakati wa uhuru, ziwa lilipanda zaidi ya mita mbili. Sisi ndio tulisahau kwa sababu lilirudi chini tukaona ardhi kavu, tukaanza kuigawa. Mto Auji nao unapita katikati ya Nyalenda ukienda huko huko. Kanuni za mazingira zinakataza kujenga kando ya mto, kati ya mita 6 na 30, na zinapima kutoka pale maji yaliwahi kufika juu kabisa. Kwa hivyo usipime kutoka maji yalipo leo.

Kwa midahalo hii mambo inaongewa kama msaada: blanketi, unga, mahema. Hakuna anayeulizwa mtaro wa Auji utachimbwa mwaka gani, na nani alipasisha ploti zile kwa ramani. Mkipata nafasi ya kuuliza, ulizeni hilo.

Riat sasa. Upepo mzuri, ziwa unaliona lote, msingi uko juu ya mwamba. Lakini mwamba huo huo ndio shimo la choo litapigwa, na fundi atawalipisha kwa futi. Maji ya bomba hayapandi kilima yenyewe, yanasukumwa kwa pampu. Msimuulize muuzaji kama maji yapo. Muulizeni jirani, yalikuja siku ngapi wiki iliyopita. Halafu kuna nauli. Mtu anayefungua kibanda Kibuye saa kumi na moja asubuhi atashuka na nini? Boda kila siku, kwenda na kurudi, mara siku ishirini na sita. Hiyo ni kodi ingine mnajilipisha wenyewe.

Mimi ningeangalia katikati. Mamboleo imepanda bei tangu barabara na uwanja, lakini ukiingia ndani kuelekea Kajulu bado kuna watu wanauza, na maji yanashuka kutoka juu. Migosi ni pazuri, karatasi zake zimenyooka zaidi, lakini ploti tupu hakuna, utanunua nyumba nzee. Si mbaya. Nyumba nzee ina choo tayari. Kanyakwar nendeni na wakili: serikali ilichukua ardhi ile miaka ya 1970 kwa ajili ya kupanua mji, na malalamiko ya wenyeji hayajaisha mpaka leo. Na popote karibu na reli, simameni kwanza. Februari 2021 nyumba za Wanubi wa Kibos zilibomolewa, watu ambao babu zao walizaliwa pale. Katiba inalinda mali yako, kifungu cha 40, na serikali ikiichukua ikulipe. Lakini kifungu hicho hicho kinasema hakilindi mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Mtu wa reli akija na ramani ya zamani, wewe utakuwa na nini mkononi?

Nimalizie wale wa kungoja serikali. Ushuru wa nyumba, kwa sheria ya 2024, ni asilimia 1.5 ya mshahara kabla ya makato, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Mtu wa 40,000 anakatwa 600. Sheria imegusa hata mapato yasiyo ya mshahara, kwa hivyo msidhani ni ya mabwana tu. Lakini kukatwa hakukupi nyumba. Ni lazima ujiandikishe, uweke amana, upate nafasi, halafu ulipe nyumba yenyewe. Na ukishaipata, huwezi kuiuza bila idhini ya bodi yao. Jiandikisheni, hakuna ubaya. Ila msifungie akiba ya chama ndani ya ahadi.

Kuna mama ameniuliza, na ni swali kubwa kwetu Wajaluo: bwana anasema nyumba ya mjini si dala, kwanza tujenge nyumbani. Omera, mimi sitaingilia boma la mtu. Ila nimeona wajane wengi kwa afisi yetu, na wale wenye ploti kwa jina lao wanaongea kwa sauti tofauti na wengine. Jina lako liwe kwa hati. Mkinunua kama chama, sajilini chama kwanza, na muandike mmoja akifa sehemu yake inaenda kwa nani. Mkiona aibu kuongea hilo leo, mtaliongea mbele ya hakimu.

Sijawaambia mnunue wapi, najua. Ile ya Nyamasaria msilipe Jumatatu, hata kama broka anasema kuna mtu mwingine na pesa taslimu. Huyo mtu yuko kila ploti. Jana imenyesha usiku wote na leo pia. Jumamosi saa mbili asubuhi mimi nitakuwa pale stendi ya Nyamasaria na gambuti, tutembee mpaka chini tuone maji yamesimama wapi, halafu tupande tuktuk hadi Kajulu. Nani anakuja? Inueni mkono nihesabu tuktuk.