Divai Njema Huja Baadaye
Dominika ya Pili ya Mwaka C

Wapendwa wasikilizaji wa Karagwe na Kyerwa, Injili ya leo imetupeleka arusini, Kana ya Galilaya. Divai iliwaishia katikati ya sherehe. Mama Maria akaiona aibu iliyokuwa ikiwakaribia wenye arusi, naye Bwana akayageuza maji ya mitungi sita ya mawe. Msimamizi wa karamu akastaajabu kuonja divai bora mwishoni, maana desturi ya watu ni kutanguliza iliyo njema. Kwa Injili hiyo tungependa kupima jambo linaloingia nyumbani mwetu kila jioni, nalo ni sinema za mapenzi, hasa ile ambayo wengi wetu tumeipenda mno.

Tunasema juu ya Titanic, sinema aliyoitengeneza James Cameron mwaka 1997, ikapata tuzo 11 za Oscar mwaka 1998. Ilitufikia kwanza kwa kanda za video, ikachorwa hata katika katuni za Kiswahili, na leo imo katika simu za vijana. Kwetu Kagera iligusa kidonda kibichi. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya ndugu zetu wakapotea ziwani. Basi waliolia mbele ya televisheni hawakuwalilia wageni tu.

Katekista mmoja alituuliza kama inafaa kuwakataza vijana sinema za namna hiyo. Tulimjibu kwamba ni afadhali kutazama pamoja nao, kisha kuwauliza wameona nini. Kwa kuwa ndani yake mna kweli. Mama wa yule binti, Rose, amelemewa na madeni, naye anamsukuma mwanawe aolewe na tajiri asiyempenda. Kanisa linafundisha kwamba ridhaa huru ya wawili ndiyo inayofanya ndoa. Mzazi anayehesabu ng'ombe wa mahari kabla ya kumsikiliza binti yake, na aitazame sehemu hiyo vizuri. Tena kijana Jack anamwachia Rose ubao unaoelea, naye anakufa kwa baridi majini. Kuutoa uhai kwa ajili ya mwingine ni kilele cha upendo, kama Bwana alivyotufundisha kwa maneno na kwa msalaba.

Lakini tuangalie pia kinachokosekana. Jack na Rose ni watu wa kubuniwa. Meli yenyewe iliondoka Southampton, Uingereza, tarehe 10 Aprili 1912, ikazama alfajiri ya tarehe 15. Mapenzi yao, basi, hayakutimiza hata juma moja. Walipeana miili kabla ya kupeana ahadi, na kifo kikawaondolea mtihani wa ahadi. Jack hakuwahi kukesha na mtoto mwenye homa, wala kurudi shambani mikono mitupu mwaka ambao kahawa haikuzaa. Sinema imetuonjesha divai ya kwanza, ikafunga karamu kabla mitungi haijakauka. Mke anayempima mumewe kwa kijana asiyezeeka kamwe anamdhulumu. Vivyo hivyo mume anayemtafuta Rose nje ya nyumba yake. Nasi tunazifahamu nyumba zilizovunjika hivyo: vijana walioanza kuishi pamoja bila sakramenti, wakaachana kabla ya mavuno ya pili, wakisema mapenzi yamekwisha. Aliyebaki na machozi ni mtoto, akilelewa na bibi.

Sasa tusikie habari za watu wa kweli wa meli ile ile. Walikuwamo Isidor na Ida Straus, Wayahudi wa New York, waliooana mwaka 1871. Ida alipewa nafasi katika mashua ya kuokolea. Mumewe alikataa kutangulia wakati wanawake walikuwa bado wanangoja. Basi Ida naye akakataa kumwacha, akampa mtumishi wake koti lake la manyoya, akabaki. Wakafa pamoja baada ya karibu miaka 41 ya ndoa. Katika sinema wazee hao wanaonekana kwa muda mfupi tu, wamelala kitandani wakikumbatiana huku maji yakiingia. Wengi hatukuwatambua. Lakini hiyo ndiyo divai ya Kana, iliyo bora mwishoni.

Alikuwamo pia padre Mwingereza, Thomas Byles, aliyekuwa akienda New York kufungisha ndoa ya ndugu yake. Dominika ile, tarehe 14 Aprili, aliadhimisha Misa kwa abiria wa daraja la pili na la tatu. Usiku, meli ilipokuwa ikizama, alikataa nafasi ya kuokoka, akabaki akiungamisha na kuongoza Rozari. Hata huo ni upendo, wapendwa, japo hakuna busu ndani yake.

Ninyi wanandoa, mnapoona divai imekwisha, msikimbilie kuivunja mitungi. Mwambieni Bwana, kama Maria alivyomwambia, kisha mjaze maji: neno la upole, msamaha wa leo, kazi ya kesho. Muujiza wa Kana ulianza kwa watumishi waliochota maji. Ninyi vijana, mkitafuta mchumba, ulizeni moyoni kama huyo ni mtu wa kubaki naye maji yanapopanda. Nanyi makatekista, katika mafundisho ya ndoa waiteni wazee wa kigango waliodumu miaka 40, wawasimulie vijana siku walizokaukiwa na jinsi walivyovuka.

Tuwaombee marehemu wetu wa MV Bukoba, na wote waliofiwa wakalea watoto peke yao bila kuchoka. Bwana awape raha ya milele, nasi atupe divai iliyo njema.

Tumsifu Yesu Kristo!