Tusichome Mbolea Yetu



Kila mwaka tukishavuna mahindi, kuanzia Kitale hadi Bungoma, moshi unapanda mashambani. Tunachoma mabua. Mvua ya Machi ikikaribia, tunakimbilia pesa za kikundi kukopa mbolea ya duka. Jamani, tunachoma tulichonacho, kisha tunaingia deni! Deni hilo ndilo linalokula karo ya watoto.

Kule Manor House, karibu na Kitale, wakulima wamefundishwa kutengeneza mboji tangu 1984. Panga mabua yaliyokatwakatwa, majani mabichi, samadi na udongo kidogo, tabaka juu ya tabaka. Nyunyizia maji, funika, geuza baada ya majuma machache. Ikiwa nyeusi na kunukia udongo, iko tayari.

Mama mmoja aliniuliza, “Na ng’ombe wangu atakula nini?” Mpe mabua kwanza, mama. Samadi yake itarudi shambani.

Sisemi muache mbolea ya duka leo. Kila mwanachama ajaribu robo ekari, kisha tulinganishe mavuno.

Marehemu Papa Fransisko, katika Laudato Si’ ya 2015, alitukumbusha kwamba katika uumbaji mabaki ya kiumbe kimoja hulisha kingine. Basi, tuweke viberiti chini. Mungu awabariki.