Maradhi Yenye Tarehe: Nafuu ya Mateso ya Kabla ya Hedhi bila Vidonge vya Uzazi wa Mpango

Matini ya mada ya elimu ya afya kwa wananchi wa Kata ya Samuye



Yapo maradhi ambayo mgonjwa wake huonekana mzima kabisa kwa wiki mbili au tatu za kila mwezi. Mwanamke hulima, hupika, huuza gengeni na kucheka na majirani. Kisha, siku saba au kumi kabla ya hedhi, hali hubadilika. Usingizi humpotea, matiti huuma, tumbo hujaa, miguu huwa mizito. Neno dogo humtia hasira asiyoweza kuizuia, au machozi humtoka bila sababu anayoweza kuieleza. Hedhi ikifika, baada ya siku mbili tatu hurudi kuwa yule yule wa awali. Mwezi ufuatao, mambo hujirudia.

Kwa kuwa mateso hayo huja na kuondoka, kila mtu huyapa jina lake. Mume huyaita ukorofi. Mama mkwe husema binti amerogwa. Dukani huuziwa dawa ya malaria, na kwa kuwa hedhi hufika siku chache baadaye, huonekana kana kwamba dawa imemponya. Fedha huendelea kutoka, ndoa huingia ufa, na mwanamke mwenyewe huanza kuamini kuwa ana tabia mbaya. Lengo la mada hii ni kueleza kuwa mateso hayo ni ugonjwa unaotambulika, kwamba hutambuliwa kwa daftari na kalamu, na kwamba nafuu ipo hata kwa mwanamke asiyetaka au asiyeweza kutumia vidonge vya uzazi wa mpango.

Ugonjwa wenyewe

Wanawake wengi hupata dalili ndogo kabla ya hedhi, na hilo si ugonjwa. Daktari wa Marekani, Robert Frank, aliandika kuhusu dalili kali mwaka 1931. Mwaka 1953 madaktari wa Uingereza, Katharina Dalton na Raymond Greene, walizipa jina linalotumika hadi leo katika tiba. Ile hali iliyo kali zaidi, inayovuruga hisia kiasi cha mwanamke kushindwa kazi au kuelewana na watu wake, inakadiriwa kuwapata wanawake 3 hadi 8 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa. Shirika la Afya Duniani limeiingiza katika orodha yake ya magonjwa, toleo la 11, lililoanza kutumika Januari 2022.

Chanzo chake mara nyingi hueleweka vibaya. Husemwa kuwa homoni za mwanamke zimevurugika, na wapo wanaouza vipimo na dawa za "kusawazisha homoni". Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1998 ulionyesha jambo tofauti. Wanawake wenye tatizo hili na wanawake wasio nalo walipewa homoni zile zile kwa kiwango kile kile. Waliopatwa na dalili ni wale wenye tatizo peke yao. Maana yake ni kwamba homoni zao ni za kawaida, bali ubongo wao huguswa zaidi na mabadiliko yanayofuata kupevuka kwa yai. Kwa hiyo kipimo cha damu cha homoni hakiwezi kuutambua ugonjwa huu, na mwanamke asiuze mbuzi wake kwa ajili ya kipimo hicho.

Kwa nini bila vidonge

Vidonge vya uzazi wa mpango huwasaidia baadhi ya wanawake wenye tatizo hili, na anayevitumia kwa faida hana sababu ya kuviacha. Hata hivyo, haviwafai wote. Yupo anayetafuta mtoto. Yupo mwenye shinikizo la juu la damu, au mwenye kipandauso kinachotanguliwa na kuona mimeta machoni, ambaye vidonge vyenye estrojeni humwongezea hatari ya kiharusi. Yupo anayenyonyesha mtoto mchanga. Yupo ambaye imani yake haimruhusu, na yupo aliyewahi kuvitumia hisia zake zikazidi kuwa mbaya. Wote hao wana haki ya kusaidiwa kwa njia nyingine.

Hatua ya kwanza: daftari

Kabla ya dawa yoyote, mwanamke achukue daftari la kawaida la shule na kulitumia kwa miezi miwili mfululizo. Kila jioni aandike tarehe, na mbele yake aweke namba kwa kila dalili inayomsumbua: 0 kama haikuwepo, 1 kama ilikuwa ndogo, 2 kama ilimsumbua, 3 kama ilimshinda. Siku za hedhi azitie herufi H. Asiyejua kusoma aweke alama kwenye kalenda ya ukutani, doa moja kwa siku yenye shida na msalaba kwa siku ya hedhi. Asisubiri mwisho wa mwezi ndipo akumbuke, kwa maana kumbukumbu hudanganya.

Baada ya miezi miwili, daftari husema lenyewe. Dalili zikijikusanya kabla ya H na kutoweka ndani ya siku chache baada ya hedhi kuanza, huku wiki inayofuata ikiwa safi, hiyo ni ishara ya ugonjwa huu. Dalili zikiwepo siku zote na kuzidi tu karibu na hedhi, upo ugonjwa mwingine unaohitaji kutafutwa: sonona, upungufu wa damu, au tezi ya shingo. Maumivu ya nyonga yasiyofuata mwezi yanaweza kuwa ya kichocho cha via vya uzazi, ugonjwa unaojulikana katika Kanda ya Ziwa, ambao tiba yake ni tofauti kabisa.

Kwa wakazi wa maeneo ya uchimbaji, kama Mwakitolyo katika halmashauri hii hii na migodi midogo ya Geita, kuna jambo la kuongeza. Mvuke wa zebaki inayotumika kukamatia dhahabu huathiri mfumo wa fahamu, na huleta hasira, kukosa usingizi na kutetemeka mikono. Dalili za zebaki hazijali tarehe ya hedhi. Daftari ndilo litakaloonyesha tofauti.

Hatua ya pili: chakula, usingizi na kazi

Madini ya kalsiamu yana ushahidi mzuri. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 1998 uliohusisha wanawake 466, waliotumia miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku walipungukiwa na dalili kwa asilimia 48 kufikia mzunguko wa tatu. Waliopewa vidonge visivyo na dawa walipungukiwa kwa asilimia 30. Faida ipo, lakini haikuja kwa siku moja; ilihitaji miezi mitatu ya uvumilivu.

Vyakula vyenye kalsiamu havitoki mbali na Samuye. Glasi moja ya maziwa, yawe freshi yaliyochemshwa au mgando, ina takriban miligramu 300. Dagaa wa Ziwa Victoria wanaoliwa pamoja na mifupa yao ni chanzo kingine kizuri, na mboga za majani kama mgagani huongezea. Katika kaya nyingi maziwa huuzwa na dagaa hutengewa baba. Kaya yenye mgonjwa wa aina hii ifikirie upya mgawanyo huo.

Katika siku hizo kumi, milo midogo ya mara kwa mara hufaa kuliko mlo mmoja mkubwa wa usiku. Uji wa mtama, michembe au matobolwa hushikilia mwili kwa muda mrefu kuliko soda na maandazi. Chumvi ipunguzwe kwa anayevimba. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu, vinavyonyweka sana penye makarasha na mialo, vipunguzwe kwa kuwa huondoa usingizi na kuzidisha wasiwasi. Pombe huonekana kutuliza jioni, lakini huharibu usingizi na huzidisha huzuni.

Mazoezi husaidia, na mwanamke anayekaa kitako kutwa nzima dukani au ofisini atembee kwa haraka nusu saa siku nyingi za wiki. Lakini mama aliyeshika jembe tangu alfajiri hana upungufu wa mazoezi. Anachokosa ni usingizi na mkono wa pili. Kama daftari limekwisha kuonyesha siku zake ngumu, familia inaweza kupanga mapema: maji yachotwe na mwingine, safari ya mnada isogezwe, na jambo zito la ukoo lisijadiliwe wiki hiyo.

Vitamini B6, ambayo waliowahi kutumia dawa za kifua kikuu wanaifahamu kwa jina la pairidoksini, huwasaidia baadhi ya wanawake. Isizidi miligramu 100 kwa siku. Kiwango kikubwa kwa muda mrefu hudhuru mishipa ya fahamu na kuleta ganzi na kuungua miguuni.

Hatua ya tatu: mazungumzo na dawa

Mwanamke ambaye hatua hizo hazikumtosha asikate tamaa, wala asione kuwa ameshindwa. Zipo tiba mbili zenye nguvu zaidi.

Ya kwanza ni tiba ya mazungumzo, ambamo mgonjwa hufundishwa na mtaalamu kutambua mawazo yanayomjia katika siku ngumu na kuyajibu kwa namna nyingine. Ya pili ni dawa za kundi linaloongeza kazi ya serotonini katika ubongo. Fluoksetini, mojawapo ya dawa hizo, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Utafiti wa Kanada wa mwaka 1995 ulionyesha kuwa miligramu 20 kwa siku zilitosha. Miligramu 60 hazikuongeza faida bali madhara. Katika ugonjwa huu dawa hiyo huweza kufanya kazi ndani ya siku chache, na kwa sababu hiyo baadhi ya wanawake huandikiwa kuitumia katika nusu ya pili ya mzunguko peke yake.

Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2002 ulizilinganisha tiba hizi mbili. Dawa ilileta nafuu haraka zaidi, lakini mwaka mmoja baadaye nafuu ya waliopata tiba ya mazungumzo ilidumu vizuri zaidi.

Fluoksetini haipaswi kununuliwa dukani bila cheti. Mganga ni lazima ajue kama mwanamke ana mimba au anaitafuta, kama amewahi kuwa na vipindi vya furaha na nguvu kupita kiasi, na kama anatumia tramado, kwa kuwa dawa hizo mbili zikikutana zinaweza kuleta hatari kubwa.

Kuhusu dawa za miti shamba, mmea mmoja wa pwani ya Mediterania, Vitex agnus-castus, umeonyesha manufaa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001. Mfuru wa mapori ya Usukuma ni jamaa wa mmea huo, lakini si mmea ule ule. Matunda yake ni chakula, ila hakuna haki ya kuyauza kama tiba ya tatizo hili. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inamtaka mganga wa tiba asili awe amesajiliwa, na mwanamke ana haki ya kumwomba aonyeshe usajili wake.

Dalili zisizosubiri daftari

Mwanamke anayesema kuwa heri afe, anayetafuta njia ya kujidhuru, au anayeogopa kuwa atamdhuru mtoto wake, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Asiachwe peke yake, na sumu za pamba na za mifugo ziondolewe karibu naye. Hata kama hedhi itafika kesho na hali kutulia, bado apelekwe, kwa sababu mwezi ujao siku hizo zitarudi.

Wajibu wa kila mmoja

Mume asitumie maarifa haya kama silaha, kwa kusema kila mkewe anapolalamika kuwa ni siku zake. Malalamiko ya haki hubaki ya haki tarehe yoyote. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kumwelekeza mwanamke namna ya kujaza daftari nyumbani kwake. Mganga katika kituo cha afya atakapoletewa daftari hilo alisome kabla ya kuandika dawa, na pale inapohitajika ampe mgonjwa rufaa kwenda Hospitali ya Wilaya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Shinyanga.

Mwanamke anayesikia maelezo haya na kujitambua ndani yake anaweza kuanza jioni ya leo. Gharama ni daftari moja na kalamu moja, na kazi ni ya dakika mbili kabla ya kulala. Baada ya miezi miwili atakuwa na ushahidi mkononi, ulioandikwa na yeye mwenyewe, kwamba anachoumwa ni maradhi na kwamba yana tiba.